Kabla ya kununua Kindle, pita kwanza stesheneri

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Lupembe, Njombe. Nafundisha Kiswahili na Historia, na mwaka jana nilianza shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria. Nina miaka 44. Mchana nasahihisha madaftari, usiku nasoma vitini vya chuo kwenye simu, karibu vyote ni PDF, na nikimaliza napenda riwaya kidogo kabla ya kulala. Macho yananiuma, na simu inazima wakati sola ya nyumbani nayo imeshaisha nguvu. Nimeweka akiba ya laki tano na nusu. Nimesikia Kindle ni nzuri kwa macho, lakini mwenzangu ofisini ananiambia nisipoteze hela, ninunue tableti. Ninunue kipi?

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na kamwene kutoka Iringa. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali matatu: la macho, la chaji na la vitini. Mawili ya kwanza yanajibika upesi. La tatu ndilo litakaloamua ununue nini, na hilo unaweza kulipima kwa shilingi mia chache kabla hujaigusa akiba yako.

Nianze na macho, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huuziwa maneno. Kioo cha simu ni taa. Ukikisoma, unaitazama taa iliyowekewa maandishi. Kisomeo hakifanyi kazi hivyo. (Nitasema kisomeo kwa vifaa vyote vya aina hii. Kindle ni jina la bidhaa ya kampuni moja tu, Amazon, iliyoanza kuiuza mwaka 2007, ingawa watu wanakiita kila kifaa hivyo, kama tulivyokuwa tukiita kila dawa ya meno Colgate.) Ndani ya kioo cha kisomeo mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji na chembe nyeupe na nyeusi. Nyeupe zina chaji ya umeme ya aina moja, nyeusi zina ya aina ya pili. Umeme ukipitishwa chini yake, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine huzama, na hapo herufi hutokea. Zikishatulia hazihitaji umeme tena kubaki mahali pake. Hii ndiyo inayoitwa wino wa kielektroniki. Ilizaliwa katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997, ndiyo inayotengeneza vioo vya karibu visomeo vyote unavyoviona sokoni.

Kwa hiyo mwanga unaolifikia jicho lako ni wa dirishani au wa balbu, umegonga kioo ukarudi, kama unavyorudi kutoka kwenye karatasi. Ukitoka nje saa saba mchana na jua la Lupembe likiwa limeamua kuwaka siku hiyo, maandishi yanazidi kuonekana vizuri, wakati simu inageuka kioo cha kujitazamia. Usiku kuna taa ndogo pembezoni zinazomulika uso wa kioo kwa ubavu, na vifaa vingi vya miaka ya karibuni vinakuwezesha kuufanya mwanga huo uwe wa manjano kama wa koroboi. Hilo ni nafuu ya kweli.

Lakini Mwalimu, una miaka 44, na unasoma mchana kutwa kabla hata ya kuishika simu. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na kusoma kwa karibu kunakuwa kazi nzito hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani maishani. Tena tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, yanakauka na kuwasha. Nenda ukapimwe kwanza. Ikiwa unachohitaji ni miwani ya kusomea, hakuna kisomeo kitakachochukua nafasi yake, na nitasikitika ukitumia laki tano kutafuta nafuu ambayo ingepatikana kwa miwani. Nimewaona watu wazima wakiacha kabisa kusoma vitabu kwa kudhani wamechoka na maisha, kumbe macho tu. Kisomeo kitakachokuja baada ya hapo kina jambo moja la kukusaidia zaidi: herufi unazikuza utakavyo, bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Walakini hilo lina sharti lake, nitalifikia.

La chaji nalipita haraka. Kwa kuwa umeme unatumika hasa wakati wa kugeuza ukurasa na kuwasha taa, betri hukaa wiki nyingi. Ila soma matangazo kwa kalamu mkononi. Kindle Paperwhite ya mwaka 2024 inatangazwa kukaa hadi wiki 12, na hesabu hiyo ni ya kusoma nusu saa kwa siku, mtandao umezimwa na taa ikiwa ya kiasi. Nusu saa mara siku 84 ni saa 42. Wewe usomaye saa mbili kila usiku utapata kama wiki tatu, pengine pungufu. Hata hivyo, wiki tatu kwa nyumba inayotegemea sola ni jambo kubwa. Siku mbili za ukungu hazitakukatiza katikati ya sura, na pawabenki ndogo itakitosha kifaa mwezi mzima na zaidi.

Sasa vitini.

Kuna namna mbili za faili za kusomea, na tofauti yake ina uzito kuliko jina lolote la kampuni. Ya kwanza ni EPUB. Humo maandishi ni kama maji: yanachukua umbo la chombo. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya, kurasa zinaongezeka, basi. Riwaya nyingi zinazouzwa mtandaoni ziko hivi. Ya pili ni PDF, ambayo ni picha ya karatasi. Mwandishi alipanga ukurasa wa A4, nao utabaki A4 popote uendapo. Ukiuingiza kwenye kioo kidogo, unasinyaa wote kwa pamoja: herufi, jedwali, tanbihi na pambizo. Lile sharti nililosema la kukuza herufi ndilo hili. Kwa EPUB unakuza. Kwa PDF unasogeza lenzi juu ya picha.

Wengi wanaojutia kisomeo wamejikwaa hapa. Mtu anasifiwa kifaa na rafiki anayesoma riwaya tupu, ananunua kilekile, anaweka humo vitini vyake vya chuo, na baada ya wiki kinalala kabatini. Kifaa hakina kosa. Rafiki naye hakudanganya. Ila hawasomi kitu kimoja.

Basi fanya hivi. Siku ukienda Njombe mjini, beba kwenye simu kurasa mbili za vitini vyako: moja ya kawaida, na moja ile ngumu kuliko zote, yenye jedwali au tanbihi nyingi. Ingia stesheneri, omba uchapiwe karatasi tatu kwa kila ukurasa.

Karatasi ya kwanza, kurasa nne ndani ya A4 moja. Kila kipande kitakuwa na upana wa sentimeta 10 na nusu na urefu wa karibu 15. Huo, kwa tofauti ya milimeta chache, ndio ukubwa wa kioo cha inchi 7. Utauona ukurasa wako kama utakavyoonekana humo ukiwa mzima, bila kukuzwa: herufi iliyokuwa pointi 12 imekuwa kama 6. Kioo cha inchi 6 ni kidogo zaidi ya hapo, kama sentimeta 9 kwa 12.

Karatasi ya pili, kurasa mbili ndani ya A4 moja. Hicho ndicho kioo cha inchi 10 na kidogo, cha vile visomeo vikubwa au cha tableti. Pointi 12 imekuwa kama 8 na nusu.

Ya tatu, mwambie kijana wa stesheneri atoe kopi ya ukurasa huohuo akiipunguza hadi asilimia 75, halafu wewe ukate pambizo zote kwa mkasi. Hapo umepata kitu ambacho wauzaji hawakuonyeshi. Kisomeo cha inchi 6 ukikilaza ubavu, kisha ukaondoa pambizo nyeupe za ukurasa, upana wake unatosha maandishi kwa takriban kipimo hicho, yaani pointi 9. Cha inchi 7 kikilazwa vivyo hivyo kinafika karibu asilimia 89, pointi 10 na nusu, ambayo si mbali na kitabu cha kawaida. Gharama yake ni kwamba ukurasa mmoja unausoma kwa vipande viwili au vitatu, unashuka nao kama mtu anayeshuka ngazi.

Karatasi hizo zipeleke nyumbani. Usizisome pale stesheneri mchana kweupe. Zisome usiku, kwa taa yako ileile, baada ya siku ile ya madaftari, ukiwa na miwani kama umepewa. Dakika ishirini kila moja. Jibu utakalolipata hapo ni la kuaminika kuliko langu.

Nadhani najua litakuwaje. Kurasa nne ndani ya moja zitakushinda. Kurasa mbili utaziweza. Na ile ya asilimia 75 itakushangaza. Ikiwa hivyo, kisomeo cha inchi 7 kinakutosha kwa riwaya na kwa vitini, na huna haja ya kile cha inchi 10, ambacho kwa bei zake kingekula akiba yako yote na kuomba nyongeza. Makala za majarida zilizopangwa kwa safu mbili ndizo nyepesi zaidi, hata kama zinatisha kwa macho: unasoma safu moja moja kutoka juu hadi chini, na safu moja ina upana wa kama sentimeta 8, inaingia hata kwenye inchi 6 bila kusinyaa.

Ila kama ule ukurasa mgumu, wenye jedwali la upana wote, ndio mfano wa nusu ya unachosoma, basi mwenzako wa ofisini ana hoja. Tableti ya inchi 10 itakuonyesha jedwali zima, kwa rangi, na itafungua pia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania unapoandaa masomo, kazi ambayo kisomeo cha kawaida hakiifanyi vizuri. Utalipia kwa kuchaji kila siku au mbili, na kwa macho. Utalipia pia kwa jambo la tatu ambalo mimi nalipa uzito mkubwa: tableti ina WhatsApp. Mtu anayesoma shahada usiku, peke yake, baada ya kazi, anahitaji kitu kisichomwita. Katika miaka yangu ya kazi ya maktaba sikuona kinachowasaidia wasomaji watu wazima kuliko meza isiyo na usumbufu.

Kabla hujaamua vitini vyako ni vigumu, vijaribu pia kwa kidole. Fungua PDF kwenye simu, bonyeza neno moja uliachie kidole juu yake. Neno likishikika peke yake, humo mna maandishi ya kweli. Lisiposhikika, ni picha zilizopigwa kwa skana. Vya maandishi vinaweza kugeuzwa kuwa EPUB kwa programu ya bure ya kompyuta iitwayo Calibre, ingawa matokeo yake kwa PDF huwa na makovu: mistari iliyokatika, namba za kurasa katikati ya sentensi. Njia bora ni ya kibinadamu zaidi. Mwombe mhadhiri au mratibu wa kituo chenu faili la Word ambalo PDF ilitokana nalo. Word kwenda EPUB hutoka safi. Wengi hawakatai, hawajawahi tu kuombwa.

Haya, sasa majina.

Kwa hali yako ningetafuta kwanza Kobo au PocketBook ya inchi 7. Kobo ni kampuni iliyoanzia Toronto, Kanada, ambayo sasa iko chini ya Rakuten ya Japani. PocketBook ilianzia Ukraine na makao yake leo yako Uswisi. Sababu yangu ni mtandao wa kwenu. Vifaa hivi viwili vinafungua EPUB na PDF moja kwa moja: unachomeka waya kwenye kompyuta ya shule, unanakili faili kama unavyonakili kwenye flashi, unachomoa, unasoma. Hakuna bando linalohitajika. PocketBook inakata pambizo na kusoma safu moja moja kwa programu yake yenyewe. Kobo kwa hilo ni dhaifu kidogo, lakini inapokea programu ya bure inayoitwa KOReader, ambayo kwa PDF sijaona mfano wake: inakata pambizo, inalaza ukurasa, na hata picha za skana inazikata maneno na kuyapanga upya ili yaingie kwenye kioo. Ina menyu nyingi mno mwanzoni. Vumilia wiki mbili. Modeli za kutafuta ni Kobo Libra 2, iliyotoka 2021, au PocketBook Era, ya 2022. Zote zina vitufe vya kugeuzia kurasa pembeni, na hiyo ni neema kwa mtu anayesoma amevaa glavu za sufu mwezi wa Julai.

Kindle je? Ni kifaa kizuri, tena ndicho rahisi zaidi kukipata nchini, hasa vya mtumba vinavyoingia kutoka Uingereza na Marekani. Kioo cha Paperwhite ni kizuri kama cha wenzake, nukta 300 kwa kila inchi. Tatizo ni mlango wake. EPUB ukiinakili kwa waya haifunguki. Lazima uipitishe kwenye huduma ya Amazon ya kutuma faili, inayohitaji intaneti, au uigeuze kwanza kwa Calibre. Na kuanzia tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kushusha kwenye kompyuta vitabu ulivyovinunua kwao ili uvihamishe kwa waya. Vitini vyako mwenyewe bado unaweza kuviingiza kwa waya, PDF inaingia bila shida. Lakini vitabu vingi vya dukani vinataka kisomeo chenyewe kiwe hewani. Kwa mtu wa mjini hilo ni dogo. Kwa mtu ambaye mtandao wake unapatikana akipanda kilima nyuma ya bwalo, si dogo. Ukikuta Paperwhite nzuri kwa bei ya haki na hizo mbili hazipatikani, ichukue bila huzuni. Inchi 7 ni ya mwaka 2024, ya 2021 ina inchi 6.8, na ya 2018 ina inchi 6. Kindle ya kawaida ya miaka ya kabla ya 2022 iache: nukta zake ni 167 kwa inchi, na vitini vilivyosinyaa humo vinakuwa ukungu.

Vya rangi usivitazame kwa sasa. Rangi zake hutoka kwa nusu ya ukali wa maandishi meusi, na uso wa kioo unakuwa wa kijivu zaidi, kwa hiyo utawasha taa mara kwa mara. Ramani za Historia zitapendeza kidogo, macho yatalipa. Na ukisoma sifa za visomeo zilizoandikwa Ulaya au Marekani, utakuta wanasifu sana kuazima vitabu vya maktaba kupitia kifaa. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inadai kadi ya maktaba ya huko. Iruke.

Kuhusu bei, Paperwhite ya 2024 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 160 hivi, na Kobo Clara BW ya inchi 6 kwa dola 130. Piga kwa kiwango cha siku hiyo, ongeza usafiri na VAT ya asilimia 18, utaona kwamba kipya cha inchi 7 kinaikaribia au kuipita akiba yako. Kwa hiyo huenda utanunua kilichotumika. Hilo halina ubaya, mradi ukikague ukiwa nacho mkononi, si kwa picha za WhatsApp.

Kiwashe mbele ya muuzaji. Geuza kurasa thelathini, tena upesi. Mistari isiyoondoka au kona iliyobaki nyeupe ni kioo kilichopasuka ndani, na kioo ndicho karibu thamani yote ya kifaa. Kivuli hafifu cha ukurasa uliopita si ugonjwa, kitaondoka. Washa taa chumba kikiwa na giza, uangalie madoa. Kama ni Kindle, hakikisha imeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza, kisha iunganishe na hotspoti ya simu yako na uisajili kwa akaunti yako palepale, kabla ya kutoa hela. Kifaa kilichoripotiwa kuibiwa hukataa kusajiliwa, na ukigundua hilo ukiwa umefika Lupembe, muuzaji wa Kariakoo hayupo. Kikigoma hata kuiona hotspoti, usikikatae bado. Visomeo vingi vya zamani huona mtandao wa 2.4 GHz tu, na simu mpya wakati mwingine hurusha wa 5 GHz. Badilisha kwenye mipangilio ya simu, ujaribu tena.

Weka elfu thelathini au arobaini ya kava gumu. Usiliahirishe. Mwaka mmoja nilisafiri na changu kutoka Makambako kurudi Iringa, nimekitia kwenye begi la nguo, na juu ya begi kondakta akaweka gunia la viazi la abiria mwingine. Nilipofika kilikuwa kizima kwa nje, na ndani nusu ya kioo imekufa. Maji si adui mkubwa kama mgandamizo. Paperwhite za kuanzia 2018 na Libra 2 zinahimili kutumbukia kwenye maji yasiyo ya chumvi ya kina cha mita mbili kwa saa nzima, kwa hiyo manyunyu ya kwenu hayataziweza. Uzito wa gunia hazihimili.

Na baridi. Usiku wa Juni huko juu, joto likishuka karibu na sifuri, wino wa kielektroniki unakuwa mzito na kurasa zinaacha vivuli. Kiweke ndani ya koti dakika kumi, kitarudi. Usikipashe kwenye jiko la mkaa. Kikomo cha joto kilichowekwa na watengenezaji wa Kindle ni nyuzi 35, na pembeni ya jiko kikomo hicho hupitwa upesi.

Nimebakiza jambo ambalo kwako, mwalimu wa Kiswahili, ni la moyoni, na kwangu pia. Utakuta riwaya za Kiswahili zinazouzwa kihalali kwa EPUB ni chache mno ukilinganisha na za Kiingereza. Za Kiingereza za zamani utapata maelfu bure Project Gutenberg. Kwa watoto na kidato cha kwanza, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, bure, na zinashushwa bila masharti magumu. Biblia ya Kiswahili ipo. Lakini riwaya ya Kiswahili ya kusoma kabla ya kulala, mara nyingi bado ni ya karatasi. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: katika vitabu kumi ulivyosoma kwa raha mwaka uliopita, vingapi vilikuwa vya Kiswahili? Kama ni saba, basi nusu ya sababu yako ya kununua kisomeo imeondoka, na laki moja ya ile akiba ni bora iende duka la vitabu. Kisomeo kibaki cha vitini na Kiingereza.

Najua yapo magrupu yanayosambaza riwaya zetu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kivuli cha kidole kikionekana pembeni. Nakuomba usizitie humo. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache sana, wachapishaji wetu ni wachache zaidi, na magrupu hayohayo yanawapa sababu ya kusita kutoa EPUB. Waandikie wachapishaji uwaambie uko tayari kununua. Mwalimu mmoja akiandika, anaonekana. Wakiandika ishirini wa wilaya moja, wanahesabika.

Ukipata vitabu vya Kiswahili vya EPUB, badilisha kitu kimoja kwenye mipangilio: acha maandishi yapangike kushoto, usiyalazimishe kunyooka pande zote mbili. Visomeo havijui kukata maneno yetu mwishoni mwa mstari, na neno refu kama "wasiposhirikishwa" likirukia mstari unaofuata linaacha mashimo yanayochosha jicho. Kamusi ya ndani nayo itanyamaza ukibonyeza neno la Kiswahili. Usidhani kimeharibika.

Anza na macho, halafu stesheneri. Ukishazisoma zile karatasi tatu usiku, niandikie ni ipi uliyoifikisha mwisho bila kuisogeza karibu na uso, na ule ukurasa wa jedwali ulikuwaje. Nikijua hayo mawili nitakwambia kama utafute inchi 7 au umsikilize mwenzako wa ofisini.